Tusione Haya kwa Chakula cha Wazee Wetu

Neno la kusoma nyumbani: Danieli 1:8–16



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya jambo lililo karibu sana na kila mmoja wetu, yaani chakula kilichomo sahanini. Labda wengine watauliza, Je, hili nalo ni jambo la kuandikwa katika gazeti la kanisa? Nasi twajibu, Ndiyo. Maana kila siku twamwomba Baba atupe riziki, na kila siku twainamisha vichwa mbele ya chakula na kushukuru. Basi mtu aombaye chakula na kukishukuru yampasa kukijua pia, asije akatupa kilicho chema na kushika kilicho hafifu.

Si siku nyingi zilizopita tulialikwa katika nyumba ya msharika mmoja, huku kwetu Kilimanjaro, ambaye binti yake alikuwa amepata kipaimara. Meza iliandaliwa vizuri: wali mweupe, mikate myeupe, nyama tele, na soda za kila rangi. Tulipokwenda jikoni kuwashukuru wapishi, tukamkuta bibi yake yule binti ameketi kando ya chungu cha kiburu, ndizi na maharage, alichokipika tangu alfajiri. Tukamwuliza, “Mama, mbona hiki hakikuletwa mezani?” Akajibu kwa sauti ndogo, “Baba Mchungaji, wageni ni watu wakubwa. Hiki ni chakula cha sisi watu wa shamba.”

Mwenye nyumba, ndiye mwana wa mama huyo, alisimama mlangoni akasikia. Yeye ni mgonjwa wa kisukari, na huu ni mwaka wa nne tangu aambiwe. Wageni walipokwisha kuondoka alitushika mkono akasema, “Baba, daktari ameniagiza nile maharage, mboga za majani na unga usiokobolewa. Chakula nilichokionea haya, leo ndicho dawa yangu. Je, Mungu ananiadhibu?”

Swali hilo lilitufuata njiani hata nyumbani. Tulimjibu kwa maneno machache siku ile, lakini twaona si lake peke yake. Ni la wengi. Kwa hiyo twataka kulijibu hapa kwa utaratibu.

Kwanza tumtazame Danieli na wenzake watatu. Walikuwa vijana waliotekwa na kupelekwa Babeli, wakawekwa katika nyumba ya mfalme, wakaamriwa kula chakula cha mfalme na kunywa divai yake. Danieli akakusudia moyoni asijitie unajisi kwa chakula hicho. Akamwomba msimamizi awajaribu siku kumi, wapewe vyakula vya mimea na maji tu. Baada ya siku kumi nyuso zao zikaonekana kuwa njema kuliko za vijana waliokula mezani pa mfalme.

Tusiligeuze neno hili liwe kitabu cha uganga. Danieli hakukataa nyama kwa kutafuta afya. Alikataa kwa sababu ya uaminifu wake kwa Mungu, na uzuri wa nyuso zao ulikuwa zawadi ya Mungu. Hata hivyo twaweza kujifunza jambo moja bila kulipotosha Neno. Danieli hakuona haya. Alikuwa katika mji mkuu wa dunia ya siku zile, mbele ya wakubwa, wala hakudhani ya kuwa kitu ni chema kwa sababu tu chatoka mezani pa mfalme, wala kwamba mbegu na majani ni duni kwa sababu ni chakula cha wanyonge. Sisi hatukutekwa na mtu, lakini mara nyingi twaitamani meza ya mfalme kwa hiari yetu wenyewe.

Sasa na tuiangalie kazi ya mikono ya Mungu katika punje moja ya nafaka. Chukua punje ya hindi au ya ngano. Ina sehemu tatu: ganda la nje; kiini, ndicho kinachoota ukiipanda; na wanga mweupe ulio ndani. Mashine ya kukoboa huondoa ganda pamoja na kiini, ikatuachia wanga mtupu. Huo ndio unga tuuitao sembe. Pumba wanapewa kuku na nguruwe. Katika zile pumba ndimo zilimokuwa nyuzinyuzi nyingi za nafaka, pamoja na vitu vingine vya kuujenga mwili. Dona ni unga wa punje nzima, haukuondolewa kitu.

Jambo hili halikuanza kwetu. Huko Ulaya na Marekani, katika miaka ya 1870 na 1880, vilienea vinu vya magurudumu ya chuma vilivyoweza kutoa unga mweupe sana kwa bei ndogo. Mkate mweupe, ambao zamani ulikuwa wa matajiri, ukawa wa watu wote, nao wakafurahi kwa kuwa sasa wala kama wakubwa. Ilipita miaka mingi kabla hawajafahamu walichokipoteza. Na waliosaidia sana kuwafahamisha walijifunza jambo hilo hapa Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1946 alifika Uganda tabibu wa kupasua, jina lake Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, Mkristo asiyeificha imani yake. Tangu utoto wake alikuwa na jicho moja tu, maana la pili liliharibiwa kwa ajali. Alifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, muda wa miaka mingi. Huko alikuwapo pia Dakt. Hugh Trowell, mtaalamu wa magonjwa ya lishe, ambaye baada ya kurudi Uingereza alibarikiwa kuwa kasisi. Trowell alijulikana kwa kazi yake juu ya kwashakoo, ugonjwa wa watoto wanaokosa chakula cha kutosha cha kujenga mwili. Lakini pamoja na kuandika magonjwa aliyoyaona, aliandika pia magonjwa ambayo hakuyaona. Ugonjwa wa mishipa ya moyo, uliokuwa ukiua watu wengi kwao Uingereza, ulikuwa haba sana miongoni mwa Waafrika aliowatibu. Hata mwaka 1956 yeye na mwenzake walipompata mgonjwa mmoja, waliandika habari zake katika jarida la matabibu kama jambo geni.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Akasoma maandiko ya tabibu wa jeshi la majini, Thomas Cleave, aliyesema ya kuwa magonjwa mengi ya watu wa mataifa tajiri yana asili moja, yaani sukari na unga uliokobolewa. Burkitt akakumbuka wagonjwa wake wa Uganda. Akawaandikia matabibu wa hospitali nyingi za misheni zilizo mashambani, akiwauliza: Je, kwenu mwaona ugonjwa wa kidole tumbo? Mawe ya nyongo je? Na saratani ya utumbo mpana? Majibu yakaja kwamba mashambani magonjwa hayo ni machache.

Kisha yeye na wenzake wakafanya kazi ambayo wengine waliicheka: wakapima muda ambao chakula hukaa tumboni, na uzito wa choo cha watu. Mwaka 1972 wakatangaza matokeo. Kwa wanakijiji wa Uganda, waliokula vyakula vya shamba, chakula kilipita kwa saa zipatazo 36. Kwa mabaharia wa Uingereza na wake zao kilikaa zaidi ya saa 80, na choo chao hakikufika hata robo ya uzito wa choo cha wale wanakijiji. Hakuna haya katika kuyataja haya, maana Mungu ndiye aliyeumba tumbo pia.

Lakini kuona mambo mawili yakienda pamoja si kuthibitisha ya kuwa moja ndilo limezaa la pili. Watu wa mashambani walitofautiana na wale wa Uingereza kwa mengi: walifanya kazi za mikono, walitembea kwa miguu, wala wengi hawakufika hospitalini. Kwa hiyo wataalamu waliendelea kuchunguza miaka mingi. Mwaka 2019, katika jarida la Lancet, wakusanyaji walileta pamoja matokeo ya uchunguzi 185 wa watu waliofuatiliwa miaka mingi, na ya majaribio 58. Wakaona ya kuwa kati ya watu walao nyuzinyuzi nyingi, vifo, ugonjwa wa mishipa ya moyo, kiharusi, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana vilikuwa vichache kwa asilimia 15 hata 30, wakilinganishwa na walao kidogo. Kiasi walichokisifu ni gramu 25 hata 29 kwa siku. Nalo Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri watu wazima wapate gramu zisizopungua 25 kwa siku zitokazo katika chakula chenyewe.

Labda mtu atauliza, Nyuzinyuzi zisizosagika tumboni zinafaa nini? Hapa twaona hekima ya Muumba. Utumbo mwembamba hauwezi kuziyeyusha, hivyo zapita hata kufika utumbo mpana. Zikiwa njiani zapunguza mwendo wa sukari kuingia katika damu, isipande kwa ghafula. Baadhi yake zashika nyongo na kutoka nayo. Ini nalo hulazimika kutumia mafuta ya damu kutengeneza nyongo mpya, na hivyo mafuta yale mabaya kwa mishipa hupungua. Zikifika utumbo mpana, humo wamo bakteria wengi wasiohesabika, nao huzila baadhi ya nyuzinyuzi hizo na kutoa vitu vinavyoulisha ukuta wa utumbo na kutuliza uvimbe mwilini. Zilizobaki hulainisha choo. Tena mlaji hushiba mapema, asizidishe kula. Kile tulichokiita makapi chafanya kazi nyingi hivi!

Na sasa twarudi huku kwetu. Mwaka 2025 wataalamu wa Moshi pamoja na wenzao wa Uholanzi walitangaza jaribio walilolifanya kwa vijana wanaume 77 wenye afya, wa mjini na wa vijijini, kaskazini mwa Tanzania. Wengine waliozoea chakula cha asili walipewa chakula cha kizungu muda wa wiki mbili. Na wengine waliozoea chakula cha kizungu walipewa chakula cha asili cha Kilimanjaro: mboga za majani, maharage, ndizi, nafaka nzima. Si siku kumi kama za Danieli, lakini hazikuzidi sana. Wale waliokiacha chakula cha asili, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe kuongezeka, na askari wa mwili wakawa wazito kupigana na vijidudu. Wale waliokirudia, dalili za uvimbe zilipungua, na baadhi ya mageuzi hayo yalionekana hata baada ya wiki nne. Vijana wale hawakuwa wagonjwa, wala jaribio la wiki mbili halituambii nani ataugua uzeeni. Lakini latuonyesha ya kuwa mwili hutambua upesi tulichoutendea, kiwe chema au kibaya.

Basi, ndugu, yule mama hakuwa na sababu ya kukificha chungu chake. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina nyuzinyuzi gramu 10 na zaidi, karibu nusu ya zile 25. Kunde, choroko, mbaazi na dengu ni ndugu zake. Ulezi, mtama na dona, mchicha, mnafu na majani ya maboga, viazi vitamu, magimbi, mapera na maembe, vyote hivi vyaota karibu nasi, na vingi havituombi fedha nyingi. Kisa cha uumbaji chasema Mungu alimpa mwanadamu mimea izaayo mbegu na miti yenye matunda iwe chakula chake. Baada ya gharika alimpa na nyama pia. Kwa hiyo hatuikatazi nyama, wala hatusemi wali mweupe wa sikukuu ni dhambi. Twasema tu kwamba cha sikukuu kisigeuzwe kuwa cha kila siku, na cha kila siku kisifichwe jikoni siku ya sikukuu.

Yatupasa kuangalia pande mbili, tusianguke.

Upande wa kwanza ni kugeuza chakula kuwa sheria. Paulo aliwafundisha Warumi ya kuwa ufalme wa Mungu hausimami juu ya kula na kunywa. Mtu hahesabiwi haki kwa kula dona, wala hahukumiwi kwa kula sembe. Kristo peke yake ndiye haki yetu. Tukila vema, twala kama watoto waliokwisha kupewa nyumba, si kama watumwa wanaotafuta ujira. Tena tusimfanyie mwenzetu mzaha kwa kilichomo sahanini mwake, maana wako wasio na cha kuchagua.

Upande wa pili ni kumhukumu mgonjwa. Hapa twamjibu ndugu yetu aliyetushika mkono. Wanafunzi walipomwona mtu kipofu tangu kuzaliwa, walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali lao. Akamponya yule mtu. Kisukari huja kwa njia nyingi: huja kwa urithi wa ukoo, huja kwa umri, huja kwa namna ya kuishi, nao wako waliokula vema maisha yao yote wakaugua. Nyuzinyuzi hupunguza hatari. Hazikumwahidi mtu yeyote kwamba hataugua. Ndugu, Mungu hakuadhibu. Hukumu yako aliichukua Kristo msalabani. Agizo la daktari si fimbo. Ni mkono wa Baba akupaye tena chakula cha mama yako. Kile tena kwa shukrani, wala usiache dawa ulizopewa.

Nanyi walimu na wainjilisti, twawaomba mambo machache ya kutenda.

Mkialikwa nyumbani kwa washarika, ulizeni chakula cha nyumbani, mkile mbele ya watoto kwa furaha. Mtoto akimwona mwalimu wake anakula ulezi na maharage, haya itamtoka bila hotuba. Katika sikukuu za usharika, umoja wa wanawake na wapike angalau chungu kimoja cha chakula cha asili, kikae katikati ya meza pamoja na vingine.

Wafundisheni watu kuongeza kidogo kidogo, maana aliyezoea unga mweupe akibadili kwa siku moja tumbo litamjaa hewa. Wanywe maji ya kutosha. Mwenye ugonjwa wa tumbo au wa figo amwulize daktari kwanza. Na watoto wadogo wasilishwe majani na uji mwepesi tu. Matumbo yao ni madogo, wahitaji pia maziwa, mayai, samaki au karanga. Tusimwokoe baba na kisukari huku tukimtia mtoto katika kwashakoo.

Neno moja zito zaidi. Anayesaga dona achague mahindi makavu, safi, yasiyo na ukungu. Mahindi yaliyopata unyevu huzaa sumukuvu, na sumu hiyo huwa nyingi katika sehemu zile za punje ambazo kukoboa huziondoa. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua, na wengine wakafa, kwa sumu hiyo. Basi kausheni vema juu ya turubai, si juu ya udongo. Chagueni punje moja moja. Hifadhini palipo pakavu. Bidii hii nayo ni sehemu ya shukrani.

Katika Katekisimo Ndogo twafundisha watoto ya kuwa mwili wetu na riziki yake vyote vyatoka kwa Baba, wala si kwa kustahili kwetu. Watoto wayasema maneno hayo kwa moyo bila kukosea. Sisi watu wazima tuyaamini tuketipo mezani.

Tulirudi katika nyumba ile juma lililofuata, bila kualikwa. Yule mama alituletea kiburu katika bakuli, nasi tukala pamoja na mwanawe na mjukuu wake. Mama hakusema neno. Aliketi akitutazama tukila, kisha akaongeza.

Tuombe: Ee Baba wa mbinguni, wewe ndiwe uliyeifunika punje kwa ganda lake, ukaujua mwili wetu kabla hatujaujua sisi. Utusamehe tulivyoidharau zawadi yako kwa kutaka sifa za watu. Uwafariji wagonjwa wetu, uwape dawa na chakula kiwafaacho. Uwakumbuke wenye njaa, ukaifungue mikono yetu kwa ajili yao. Nasi tukiisha kushiba, utufundishe kukutumikia kwa nguvu ulizotupa, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.